Picha za Lamu: nani atazifungua baada yetu?

Kila msimu wa harusi ukiisha hapa Amu, swali ni lile lile. "Dada, ninunue diski gani ambayo haiharibiki?" Huniuliza mama wa bibi harusi, huniuliza vijana wanaopiga picha mashindano ya majahazi, na siku hizi huniuliza hata wazee ambao picha za wajukuu wao wote ziko kwenye simu moja iliyopasuka kioo. Nami hujibu kwamba haipo. Hakuna diski, flashi wala kampuni ya mtandaoni unayoweza kuipa picha leo, ukaisahau miaka thelathini, kisha ukazikuta zote salama. Lakini picha zinaweza kufika huko, na gharama yake si kubwa kama watu wanavyodhani.

Kazi yangu ni kupiga picha, kwa hiyo suala hili nalibeba kila siku. Na mji wenyewe unanihimiza. UNESCO iliuweka Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini orodha haizuii ukuta wa mawe ya matumbawe kuporomoka mvua ikizidi, wala haizuii mlango wa nakshi kung'olewa na kuuzwa. Gati ya kwanza ya bandari mpya kwenye Ghuba ya Manda ilifunguliwa Mei 2021. Anayetaka kuona ufuo ule ulivyokuwa kabla ya mashine kufika atautafuta wapi? Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imo katika simu za wavuvi, kamera za walimu na kompyuta za vijana waliokwisha hama. Historia yetu ya miaka ishirini na kitu iliyopita imeandikwa kwenye vyombo ambavyo hakuna aliyevikusudia kudumu.

Nilipoanza kulifikiria jambo hili kwa makini nilisoma sana kuhusu uimara wa vifaa: kipi kinavumilia joto, kipi kinaandikwa mara nyingi bila kuchoka. Ni muhimu, na nitayaeleza. Ila kipimo ninachokitanguliza sasa ni kingine. Nikifa kesho, mpwa wangu, ambaye hajui lolote kuhusu kamera, ataweza kuzifungua picha hizi na kuelewa anachokiona? Kifaa kisichopita mtihani huo nakikataa hata kama watengenezaji wake wanaahidi karne kumi.

Mfano wa Uingereza unaeleza vizuri. Mwaka 1986 BBC iliongoza mradi mkubwa wa kukusanya picha, ramani na maandishi ya maisha ya watu wa nchi nzima, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la sensa ya ardhi la mwaka 1086. Mradi ulihifadhiwa kwenye diski za leza, teknolojia ya fahari wakati huo. Haikupita hata miaka ishirini, mashine za kuzisoma diski hizo zikawa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya kazi ya uokoaji. Lile daftari la mwaka 1086 bado linasomeka. Sisi nasi tuna misahafu iliyonakiliwa kwa mkono kule Siyu katika karne ya 18 na ya 19, na aya zake bado zinasomeka, kwa sababu msomaji hahitaji chochote zaidi ya macho na elimu. Picha ya kidijitali haina bahati hiyo. Daima itahitaji mashine katikati, kwa hiyo busara ni kuchagua kile kinachosomwa na mashine nyingi, za kawaida, za kila duka.

Ndiyo maana nategemea diski ngumu ya nje, ile tunayoiita eksteno. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kupita unene wa unywele. Ikianguka inapozunguka, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani na habari ikaishia hapo. Ikikaa miaka bila kuwashwa inaweza kugoma. Ila inaunganishwa kwa USB, njia iliyoanza mwaka 1996 na ambayo bado iko kwenye karibu kila kompyuta kwa umbo moja au jingine. Bei yake kwa kila picha ni ndogo. Hesabu ni rahisi: picha ya JPEG ya kamera nzuri huchukua kama MB 10, hivyo diski ya TB 1 hubeba picha kama 100,000. Familia nyingi hazitafika huko, hata zikipiga picha kila Idi na kila Maulidi.

Mimi huihesabu diski kuwa imezeeka ikifika miaka mitano, hata kama haijalalamika. Huhamishia kila kitu kwenye mpya, na ya zamani naiweka kama nakala ya ziada. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hawatashangaa: chombo hupandishwa pwani, hutiwa kalafati, hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, hata kama mbao zake ni nzuri.

Hewa yetu ni mtihani wa peke yake. Chumvi na unyevu wa kisiwani hula kila chenye chuma, na lenzi iliyoachwa kabatini huota kuvu. Diski zangu hukaa kwenye mkebe wa plastiki wenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Kila diski ina kebo yake humo humo, imefungwa kwa lastiki, na karatasi yenye mwaka ilionunuliwa. Kebo hudharauliwa, lakini baadhi ya eksteno zina mlango wa umbo la peke yake ambao kebo za simu nyingi za sasa haziingii, na mpwa wangu hatajua atafute nini. Kama diski imetoka chumba chenye kiyoyozi, naiacha ipate joto la nje kwanza ndipo niiwashe, kwa sababu ubaridi ukikutana na hewa ya hapa hutoa matone.

Flashi na memori kadi ni vya kubebea picha kutoka hapa hadi pale. Vilevile soko limejaa bandia. Mteja mmoja aliniletea flashi iliyoandikwa TB 1, aliyoinunua kwa bei iliyomfurahisha, akiwa ameitia picha na video zote za harusi ya dada yake. Tuliifungua pamoja. Folda zote zilikuwepo, majina ya faili yote yalikuwepo, hata ukubwa wa kila moja uliandikwa sawasawa. Picha za mwanzo zilifunguka vizuri: hina mikononi, watoto wakirukaruka uani. Kisha ikaja picha iliyokatika katikati, nusu uso na nusu kijivu. Baada ya hapo kijivu kitupu, faili baada ya faili. Flashi za aina hiyo zina nafasi ndogo sana ya kweli, ila zimetengenezwa ziidanganye kompyuta. Zikijaa, huendelea kupokea na kutupa. Kwa bahati nakala asili zilikuwa bado kwangu. Tangu siku ile nampa kila mteja ushauri mmoja: kabla hujaweka chochote, ijaze flashi mpya kwa programu ya majaribio kama H2testw au F3, ambazo ni za bure. Huiandika nafasi yote, huisoma upya, na kukuambia ukweli.

SSD, yaani diski ya chipu, ni nzuri kwa kazi, kwani ni ya haraka na haina kitu kinachozunguka. Kwa kuhifadhi ikiwa imezimwa miaka mingi, siiamini. Hubeba habari kama chaji ndogo ndogo za umeme, na chaji huvuja polepole, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha kuandikwa hadi mwisho wa uwezo wake iweze kutunza habari mwaka 1 ikiwa imezimwa katika nyuzi 30 za selisiasi. SSD mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, lakini nyuzi 30 ni alasiri ya kawaida hapa kwetu wakati wa kaskazi.

Tepu za LTO, zinazotumiwa na vituo vikubwa vya kumbukumbu, ni imara kweli, lakini mashine yake ni ghali, na mashine ya kizazi kipya husoma tepu za kizazi kimoja au viwili tu vya nyuma, pengine haisomi za nyuma kabisa. Diski za M-DISC, ambazo ni aina ya DVD na Blu-ray, zinasifiwa kudumu miaka 1,000. Laptopu nyingi za leo hazina hata mahali pa kuziingiza.

Sasa mtandaoni. Wengi huamini kwamba picha ikishapanda kwenye Google au Apple imesalimika milele. Huko ni kompyuta za watu wengine, nao wana masharti yao na biashara yao. Kodak walifunga huduma yao ya picha za mtandaoni mwaka 2012. Panoramio, tovuti iliyokuwa na picha za mahali pengi duniani, ilifungwa mwaka 2016. Google Photos ilikuwa ikihifadhi picha bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa, na tarehe 1 Juni 2021 mpango huo ukakoma. Sasa ni GB 15 za bure, na humo humo mna barua pepe zako. Akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Fikiria mzee aliyefariki. Mwanawe hana neno la siri, laini ya simu imeshachukuliwa na mtu mwingine, na saa inahesabu.

Pamoja na hayo natumia hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu moto ukishika makuti Langoni hauulizi ni nyumba ya nani, na nakala iliyo mbali na kisiwa ni ya lazima. Natumia nikijua mipaka yake. Kwanza, kulandanisha (sync) simu na mtandao hakutoshi: ukiifuta picha kwenye simu, mara nyingi hufutika na kule. Pili, kasi. Kwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, GB 500 zinahitaji zaidi ya siku 9 mchana na usiku bila kukatika. Na hukatika. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mteue mrithi sasa. Google wana mpangilio wa kumtaja mtu atakayepewa data yako akaunti ikinyamaza. Apple wana wao tangu Desemba 2021. Ni dakika chache kwenye simu, na sijakutana na wengi waliofanya.

Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikiwa mahali pengine. Kwangu imekuwa hivi. Diski moja iko nyumbani Mkomani. Ya pili, ya kampuni tofauti ili kasoro ya kiwandani isizikumbe zote, iko Malindi kwa kaka yangu. Husafiri kwa boti hadi Mokowe kisha kwa basi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, mikononi mwa mtu wa nyumbani. Ya tatu ni mtandaoni, na humo naweka zile zilizochujwa tu. Picha mia za mlango mmoja hazina haja ya kupanda zote.

Nakala nyingi hazisaidii kama zimeoza bila wewe kujua. Faili inaweza kuharibika kimyakimya, ukaichukua ile mbovu na kuifunika nzima. Kwa hiyo kila folda yangu ina faili ndogo ya cheksamu, msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Picha ikibadilika hata kidogo, msururu hubadilika wote. Windows, Mac na Linux zina amri ya kuukokotoa bila kununua chochote. Mara moja kwa mwaka naziwasha diski zote, nakokotoa upya, nalinganisha.

Kuhusu aina ya faili sitasema mengi. JPEG imekuwepo tangu mwaka 1992 na karibu kila kitu kinaifungua. Kuifungua hakuipunguzi ubora, kuihariri na kuihifadhi upya ndiko hupunguza. Faili ghafi (RAW) za kamera nazihifadhi, ila kila moja ina JPEG ubavuni mwake. Vivyo hivyo HEIC, aina ya faili za picha za iPhone. Na tafadhali, picha ya kumbukumbu usiipokee kwa WhatsApp kama picha. Itume kama dokumenti. Ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarehe na maelezo yaliyomo ndani huondolewa.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonishughulisha kuliko diski zote. Picha inaweza kufika salama ikawa bado imepotea, kwa kuwa hakuna anayejua ni ya nani.

Shangazi yangu hukaa dakani jioni, kwenye baraza ya mawe iliyolainika kwa vizazi vya watu. Nilimpelekea laptopu yenye picha za kamera ya zamani ya mjomba, ambazo zote zimejitia tarehe 1 Januari 2000, kwa kuwa betri ikiisha saa ya kamera ile hurudi mwanzo. Hazikuwa na jina wala mpangilio. Shangazi alisogeza uso karibu na kioo.

"Mwanangu, huyu si yule hamali wa gatini? Na hii si Maulidi ya mwaka huo unaosema. Tazama mlango."

"Una nini, shangazi?"

"Bado uko. Nyumba ile waliuza mlango kabla ya mimi kwenda Hijja. Hii ni kabla."

Akaendelea hivyo, picha moja baada ya nyingine. Mtu alimtambua kwa mwendo, mwanamke kwa kanga, na mwaka kwa mti uliokuwa umesimama bado pwani. Hakuna programu ya kutambua nyuso itakayoniambia kwamba kijana anayecheza kirumbizi, mchezo wa fimbo, pembeni ndiye baadaye alikuja kuwa imamu. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, na rekodi ile sasa inakaa ndani ya folda ile ile ya picha. Naiona ina thamani sawa na picha zenyewe.

Kutokana na vikao hivyo naandika maelezo mara mbili. Mara ya kwanza ndani ya faili yenyewe, kwenye sehemu za IPTC ambazo programu nyingi za picha huzisoma. Mara ya pili kwenye faili ya maandishi matupu inayoitwa SOMA_KWANZA, ambayo kompyuta yoyote itaifungua. Siyaachi ndani ya programu moja ya kupangia picha, kwani siku programu ile ikikosekana majina yote yatakwenda nayo. Folda huanza na mwaka ili zijipange zenyewe, na kwa Maulidi naongeza mwaka wa Hijria: 2019-11_Maulidi_1441. Rabiul Awwal husogea kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, na wazee hukumbuka kwa Hijria.

Ila mtihani wangu wa "nani atazifungua" una upande wa pili, na kwa mpiga picha mwanamke wa Lamu hauwezi kuepukwa. Zipo picha ambazo watu fulani hawapaswi kuzifungua. Kwenye kupamba, bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake, nao wamevua mabuibui na kupendeza kwa ajili ya wanawake wenzao. Mara nyingi simu huachwa mlangoni. Mimi nimeruhusiwa kuingia na kamera kwa sababu nimeaminiwa, na amana ile haikwishi karamu ikiisha. Diski yenye picha hizo ikiuzwa kuukuu na mtu asiyejua, au ikifunguliwa na fundi wa kompyuta, nimevunja stara ya watu waliokuwa wageni wa rafiki zangu.

Kwa hiyo hapa naacha urahisi makusudi. Picha za kupamba haziendi mtandaoni kabisa, wala kwenye programu inayopanga nyuso. Ziko kwenye diski ya peke yake, iliyofungwa kwa neno la siri, na familia hupewa nakala yao mkononi mwa mwanamke waliyemchagua wenyewe. Neno la siri limeandikwa kwa wino kwenye karatasi ndani ya bahasha, nayo iko kwa mpwa wangu wa kike, pamoja na maagizo: picha za familia gani zirudishwe kwa nani, na zipi zifutwe kama hakuna wa kuzipokea. Naam, zifutwe. Mhifadhi anayetaka kila kitu kibaki hanielewi kwa hili, nami sina shaka nalo.

Zile za hadhara, yaani Maulidi, majahazi, mitaa, milango na ufuo wa Ghuba ya Manda kabla ya bandari, ningependa zisibaki mikononi mwa ukoo mmoja. Nimeanza kuzitenga kwenye diski ya peke yake, pamoja na majina na rekodi za sauti, ili siku moja nakala ikabidhiwe taasisi ya umma itakayokubali kuitunza kwa masharti yaliyoandikwa: watu wa Lamu wazione bila malipo, na anayetaka kuziuza aombe kwanza. Shangazi amekubali sauti yake iwemo. Amekataa picha moja tu, ya msichana aliyekaa dirishani, nami nimeiondoa.